Mtukutu si mtundu: mwongozo kamili wa neno -tukutu na jamaa zake

Nilimwandikia mtoto wa darasa la tatu maneno matatu kwenye ripoti: "Ni mtukutu sana." Kesho yake mama yake alikuwa mlangoni kwangu, kanga ya pili kaifunga kiunoni kama mtu aliyejiandaa kwa shari. Alinipa shikamoo yangu, akaketi, akaifungua ile ripoti magotini.

"Mwalimu, mwanangu kachukua cha nani?"

Nikamwambia hajachukua kitu.

"Kampiga nani, basi?"

Hajampiga mtu. Nikamweleza kwamba hakai kwenye dawati, na akikaa miguu inacheza chini ya meza, na kalamu haikai mkononi, mara iko sikioni, mara iko mdomoni. Mama wa watu akacheka mpaka akajifuta macho. "Kumbe hatulii! Si ungeandika hatulii, Mwalimu. Mimi sikulala."

Alikuwa na haki. Mimi nilikuwa natumia -tukutu kueleza miguu na vidole. Yeye alisoma hukumu ya tabia. Sote wawili ni wa Mtwara, na sote Kiswahili tumekikuta nyumbani. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilikagua neno hili kila linapopita, kwenye insha za wanafunzi, kwenye redio, kwenye maneno ya wavuvi kule feri, na nikaona kwamba wengi wetu tunalitumia kwa kubahatisha. Mwongozo huu ni kwa walimu wenzangu, kwa watangazaji, kwa vijana wa sekondari wanaoandika insha, na kwa mtu yeyote anayetaka kuueleza mwendo ule mwepesi, wa wasiwasi, usiokaa mahali.

Hatua ya kwanza: shika kiini cha neno

Sifa -tukutu kiini chake ni kutotulia. Inaeleza mienendo midogo, myepesi na mingi, ambayo haifanyi kazi yoyote. Vidole vinavyopigapiga meza, masikio ya mbuzi, macho yanayozunguka chumba kizima kabla mgeni hajakaribishwa, vyote hivyo ni vitukutu.

Kipimo ninachokiamini ni hiki: jiulize kama mwendo huo una mwenye kuuamuru. Chukua sindimba, ngoma ya Wamakonde. Kiuno kinakwenda mbio kuliko kitu chochote utakachokitaja, lakini hakuna atakayesema mchezaji ana kiuno kitukutu, kwa sababu kila mtikisiko unaitika ngoma. Mtazame mwanamke anayebangua korosho: vidole havionekani kwa kasi, ila kila mguso unatoa punje. Hivyo ni vidole vyepesi. Sasa mtazame huyohuyo akiwa amekaa zahanati kusubiri majibu ya mtoto wake, anakunja pindo la kanga, analikunjua, analikunja tena. Vidole ni vilevile, ila sasa havina bwana. Hapo ndipo vimekuwa vitukutu.

Kutoka kwenye mwili neno likahamia kwenye tabia. Njia yake ni rahisi kuiona. Mtoto asiyetulia ndiye anayemwaga maji, ndiye anayevunja kikombe cha mgeni, ndiye anayepotea sokoni, na watu wazima wakaunganisha hayo yote na neno lililokuwa karibu. Leo ukisema "mtukutu" bila maelezo, wasikilizaji wengi watasikia msumbufu, asiyesikia la mkubwa. Maana zote mbili ziko hai, na zote ni sahihi. Kosa ni kuandika ukiwa na moja kichwani huku msomaji anapokea nyingine.

Kwa njia, kiherehere nacho kimepita njia hiyohiyo. Ni neno la moyo unaopiga ovyo kwa wasiwasi, lakini ukimwambia mtu leo "acha kiherehere chako" unamaanisha amejipeleka kwenye jambo asiloitwa. Maneno ya kutotulia yana tabia ya kuhama mwilini na kugeuka lawama. Yaandike ukijua hilo.

Hatua ya pili: tenga -tukutu na majirani zake

Jirani anayechanganywa zaidi ni -tundu. Mtundu ana udadisi. Akifungua redio ya babu yake anataka kujua sauti inatoka wapi, na akiweza kuirudisha tunamsifu kwa utundu wake. Mtukutu angeigusa redio hiyohiyo, akabonyeza kitufe kimoja, akaiacha, akakimbilia dirishani. Mtundu ana lengo hata kama ni baya, mtukutu hana. Ndiyo maana utundu unaweza kuwa sifa ya fundi, na sijasikia fundi akisifiwa kwa utukutu wa mikono.

Mkaidi ameambiwa akakataa. Mchokozi anamtafuta mtu. Mkorofi anawasumbua watu na anajua. Hao watatu wana nia, na mtoto wangu wa darasa la tatu hakuwa nayo. Mama yake alidhani anayo, ndiyo maana hakulala.

Jirani wa upande wa pili ni -epesi, na hapa tofauti ni tamu. Kwenye msitu wa Rondo, Lindi, kuna komba wadogo waliopewa jina la mahali hapo, komba wa Rondo. Usiku komba huruka kutoka tawi hadi tawi na kutua palepale alipokusudia. Huyo ni mwepesi. Mchukue sasa sange, yule mnyama mdogo wa vichakani mwenye miguu myembamba na pua ndefu. Ile pua haikai: inakwenda kushoto, inakwenda kulia, inanusa majani, inanusa hewa, na jani likianguka karibu mwenyewe ameshapotea. Pua tukutu ndiyo ile. Wote wawili wana kasi, lakini ukiwaandikia sifa moja umemwibia mmoja wao.

Halafu kuna -oga. Mwoga anaweza kukaa tuli kabisa, ameganda kwa hofu. Kwa hiyo usidhani -tukutu ni namna nyingine ya kusema anaogopa. Wasiwasi unaweza kuwepo, lakini kinachoelezwa na neno ni kile jicho linachokiona. Yaliyo ndani yana maneno yake: wasiwasi, wahka, kimuhemuhe, roho juu. Kimuhemuhe hutokea hata kwenye furaha. Usiku wa kuamkia Idi nyumba nzima ina kimuhemuhe na hakuna anayeogopa chochote, labda mwenye deni la sukari.

Hatua ya tatu: weka upatanisho sawa

Kisarufi neno hili ni pole. Shina linaanza na t, kwa hiyo linapokea viambishi bila vurugu: mtoto mtukutu, watoto watukutu, mguu mtukutu, miguu mitukutu, kidole kitukutu, vidole vitukutu. Panapowakwaza wanafunzi ni mahali pawili.

Pa kwanza ni palipo na jicho na macho. Jicho halichukui kiambishi: jicho tukutu. Wingi ni macho matukutu. Nimesahihisha "jicho jitukutu" mara nyingi, na namwelewa aliyeandika, maana ameliona jicho lina ji- akadhani sifa nayo inaitaka. Kwa ngeli ya pua, akili na kalamu ni hivyohivyo, shina linabaki peke yake: pua tukutu, akili tukutu, kalamu tukutu. Ulimi unachukua m-: ulimi mtukutu, na wingi wake ni ndimi tukutu.

Pa pili ni wanyama. Mbuzi, kuku na paka ni viumbe hai, kwa hiyo wanakwenda na upatanisho wa watu: kuku mtukutu, kuku watukutu. "Kuku tukutu" ni kosa. Ila ukimdogosha kiumbe kwa makusudi, fuata udogo huo: kitoto kitukutu, vitoto vitukutu. Hapo unaongeza ama mahaba ama dharau, na sauti yako ndiyo itakayoamua.

Vitu visivyo na uhai vinaruhusiwa, kwa kipimo. Upepo mtukutu ni ule wa kubadilika, kusi inapokwisha na kaskazi haijashika, upepo unaogeuza mchanga huku na huku. Kuhusu moto, ukitaka kusema mwali mtukutu wa koroboi, taja koroboi mapema. Huku kwetu mwali ni kwanza binti aliyetoka unyago, na mwali wa unyago amefundwa kutulia, macho chini, sauti chini. Ukiandika "mwali mtukutu alionekana dirishani" msomaji wa Newala atadhani unamsema binti wa watu, na baba yake anaweza kukutafuta.

Jambo jingine dogo. Ukitaka kueleza jinsi kitendo kilivyofanyika, sema "kwa utukutu" au tafuta kitenzi. Usitunge kielezi "kitukutu" kwa kuiga "kitoto" au "kizee". Msomaji atatafuta kidole au kitoto unachokizungumzia.

Hatua ya nne: uliza kama ni tabia au tukio

Sifa hubandika. "Mtoto mtukutu" ni mtukutu leo, jana na kesho. Kama unaeleza jambo la nusu saa, usimbandike mtu jina la maisha. Kiswahili kinakupa ngazi za kushuka: "ni mtukutu" ni nzito, "ana utukutu" ni nyepesi kidogo, "leo ana utukutu" imeweka mpaka, na "hatulii" au "ameshindwa kutulia" haimgusi tabia hata kidogo. Mahali ambapo maneno yanasomwa na mzazi au na mgonjwa mwenyewe, mimi hushuka mpaka ngazi ya mwisho.

Ripoti ya muhula uliofuata ya yule mtoto niliandika: "Mikono haitulii. Amepewa kazi ya kugawa madaftari." Mama yake hakuja.

Hatua ya tano: mara nyingi unachohitaji ni kitenzi

Hapa ndipo Kiswahili kilipo tajiri, na ndipo waandishi wetu wanapokuwa wavivu. Wakishaandika "alikuwa na wasiwasi" wanaona wamemaliza. Nenda feri alfajiri boti zinapoingia, ukae nusu saa tu, utaona vitenzi vyote vikitembea mbele yako.

Samaki akitupwa mchangani anatapatapa. Kutapatapa ni kwa mwili mzima na kuna kufa na kupona ndani yake, ndiyo maana tunasema mfa maji haachi kutapatapa. Usilitumie kwa mtu anayesubiri basi. Pweza aliyetiwa kwenye mfuko anafurukuta: mwendo uko chini ya kitu kinachoubana, wewe unaona mfuko tu ukipandapanda. Mtoto ndani ya shuka anafurukuta, kuku ndani ya tenga anafurukuta. Kuku yuleyule akishachinjwa anapapatika, na ndege aliyenaswa anapapatika pia, kwa sababu kupapatika kuna mabawa ndani yake hata pale mabawa hayapo. Moyo unaweza kupapatika, na ni picha nzuri mradi usiifanye mara tatu katika ukurasa mmoja.

Nje kidogo, chuchunge wakikimbizwa na samaki mkubwa wanaruka juu ya maji kama vijiti vilivyorushwa. Hapo wamekurupuka. Kukurupuka ni kutoka ghafla mahali ulipojificha au ulipolala, na kwa kawaida kunaendelea na mbio. Kanga waliolala chini ya mikorosho hukurupuka ukiwakanyagia majani. Kugutuka ni kufupi zaidi: mshituko mmoja, mwili unaruka kidogo, basi, hauendi popote. Punda anayegutuka bado yupo; aliyekurupuka mtafute Mikindani.

Kutetemeka wengi wanakijua, nacho ni cha baridi, homa au hofu kubwa, na hakina wepesi. Kwa mwendo mdogo kabisa wa ndani ya mwili tumia kupwita: jipu linapwita, mshipa wa shingo unapwitapwita. Jino lililolegea linachezacheza. Jicho, ukope unaporuka wenyewe, "linacheza", na ukilitamka hilo mbele za watu mmoja wao lazima akubashirie mgeni au kilio. Mtu anayefungua na kufumba kope haraka anapepesa macho. Usichanganye na kupepesuka, ambako ni mwili wote kuyumba, kama mtu aliyeteremka botini kutoka Msanga Mkuu siku ya kusi kali.

Kutukutika nako kupo, kwa maana ya kutikisika na kuhangaika bila utulivu, lakini mitaani hakisikiki sana. Kwenye hadithi kinapendeza kikitokea mara moja. Kwenye taarifa ya habari kitamsimamisha msikilizaji.

Angalia pia jinsi kurudia shina kunavyoupunguza mwendo na kuuzidisha wakati huohuo. Aliruka ni mara moja na ni juu. Alirukaruka ni mara nyingi na chini chini. Aligonga meza, watu walinyamaza. Aligongagonga meza, watu walijua ana mashaka. Kama huna neno la wasiwasi mwepesi, rudia kitenzi cha kawaida na mara nyingi utakuwa umefika.

Hatua ya sita: jua pale utukutu unapogeuka sifa

Uwanja wa mpira ndio mahali pekee ambapo nimesikia neno hili likishangiliwa. Pale uwanja wa Nangwanda Sijaona, hapa Mtwara, mtangazaji akisema "winga mtukutu" hamsemi vibaya. Anasema beki hajui atapita wapi, kwa sababu mguu hauonyeshi nia. Utaona kipimo chetu bado kinafanya kazi: kwa macho ya beki, mwendo ule hauna bwana. Mwenye mpira anajua, sisi hatujui. Ukilitumia neno hivyo kwa mwanasiasa au mfanyabiashara, msomaji atachukua upande wa lawama mara moja, kwa hiyo la uwanjani liache uwanjani.

Nyumbani, bibi anaweza kumwita mjukuu "kitukutu changu wewe" na kumkumbatia. Hiyo ni ruhusa ya bibi. Mwalimu, daktari na mwandishi hawana ruhusa hiyo.

Hatua ya saba: andika, kisha punguza

Jaribu na sentensi hii, ambayo aina yake nimeisahihisha miaka mingi: "Mbuzi alikuwa mtukutu sana na alikuwa na wasiwasi mwingi ndani ya boti." Haina kosa la sarufi, lakini hatujamwona mbuzi. Ondoa "sana" na "mwingi" kwanza, maana hayo hayapimi kitu. Kisha uliza ni kiungo gani hakikutulia. Masikio. Kwato. Kisha uliza ni nini kilimgutua. Wimbi. Utapata kitu kama hiki:

"Mbuzi alifungwa karibu na mashine. Masikio hayakukaa, kwato zilikuwa zikigongagonga ubao, na kila wimbi lilipopiga ubavu wa boti aligutuka, akaivuta kamba, akatazama nchi kavu."

Sifa -tukutu imepotea kabisa, na hatukuihitaji. Sasa ukitaka unaweza kuirudisha mahali pamoja tu, "masikio matukutu", ukafuta "hayakukaa". Usibaki na vyote viwili. Na kama mbuzi huyo anarudi ukurasa wa pili, usirudie masikio. Mpe kitu kingine, au mwache alale.

Baada ya hapo isome kwa sauti. Sentensi za mwendo wa wasiwasi zinapenda vipande vifupi na viunganishi vichache. Ukijikuta umeandika "ambaye" mara mbili ndani ya sentensi ya mbuzi anayegutuka, mbuzi ameshatulia.

Ukikwama

Mtoto hakai darasani: hatulii. Anafungua kila kitu aone ndani: mtundu. Ameambiwa akae, akasimama akikutazama: mkaidi. Bibi harusi anazungusha pete kidoleni kabla ya kuulizwa: vidole vitukutu, au wahka, kutegemea unataka tuone mkono au moyo. Jirani amefika kabla hujamwita: kiherehere. Mtu anakwenda kila mtaa, hakai kwake: kiguu na njia. Anazunguka nyumba nzima akitafuta pa kukaa: anahangaika kama kuku anayetaka kutaga, na hapo usiongeze sifa yoyote, kuku ametosha.